Nimekuta karatasi isiyo na jina ndani ya sanduku la maswali: mwalimu wa malezi aomba ushauri

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa kiume, sijaoa bado, na ninafundisha Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari ya kata, ya kutwa, mkoani Tanga. Mwanzoni mwa mwaka huu mkuu wa shule alinipa kazi ya malezi na unasihi pamoja na mwalimu mwenzangu wa kike, ambaye kwa sasa yuko likizo ya uzazi, akaniagiza nitumie kipindi cha mwisho cha kila Ijumaa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu kuhusu mahusiano mema na namna ya kujikinga na ukatili. Wengi wao wanatoka vijiji vya mbali. Wapo waliopangishiwa vyumba karibu na shule na kuishi huko bila mtu mzima, na wapo wanaotegemea lifti za bodaboda asubuhi na jioni, kwa hiyo sikuona kuwa mada hiyo ni ya kupoteza muda.

Vipindi vya mwanzo vilikwenda vizuri. Niliweka sanduku la maswali mlangoni mwa maktaba, na kila Ijumaa nilikuta karatasi nyingi ndani yake. Mmoja aliuliza kama ni haki mtu anayekupenda kutaka nywila ya simu yako. Mwingine, kama msichana aliyekubali kununuliwa chipsi na kuwekewa bando anaweza baadaye kukataa anachoombwa. Mwingine, kama mvulana aliyepigwa na msichana akasema anaumia atahesabiwa kuwa mwanaume. Niliyajibu kadiri nilivyoweza.

Kisha mvulana wa kidato cha nne alimpiga kofi msichana wa kidato cha tatu nyuma ya vyoo, kwa sababu msichana alikataa kumpa simu aikague. Wenzao walikuwepo, na baadhi walicheka. Nilipozungumza na msichana huyo aliniambia, "Alikuwa na hasira tu, mwalimu. Asiyekupenda hawezi kukuonea wivu." Kabla sijapata la kufanya, mwalimu wa nidhamu aliwaita wote wawili mstarini, akatangaza kwamba kosa lao ni mapenzi shuleni, wakachapwa viboko mbele ya shule nzima. Ijumaa iliyofuata sanduku lilikuwa tupu. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono na kuniuliza: ikiwa ni kosa kumpiga mtu kwa sababu hakukutii, mbona sisi tunapigwa kwa sababu hiyo hiyo? Darasa lilicheka, nami nikabadilisha mada.

Katika kikao cha wazazi mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama akasema kwamba ninawafundisha watoto mapenzi, kwamba kazi hiyo ina wenyewe, makungwi na masomo wanaowafunda vijana, na kwamba kama ni lazima ifanywe shuleni basi isifanywe na kijana asiye na mke. Wengi waliitikia. Mkuu wa shule akanishauri nipunguze makali.

Lakini lililonifanya niandike ni jambo jingine. Juma lililopita nilikuta karatasi moja sandukuni imeandikwa hivi: "Mwalimu akikuambia umpelekee madaftari nyumbani kwake jioni, na ukifika anafunga mlango, unakataaje bila kufelishwa?" Haina jina. Nadhani ninaufahamu mwandiko, na kuna mwalimu ninayemshuku, ambaye amenitangulia kazini na amenisaidia mengi. Nilimwonyesha mkuu wa shule. Alisema karatasi isiyo na jina si ushahidi, kwamba tusiichafue shule wakati mitihani inakaribia, na kwamba atamwita mwalimu huyo kimyakimya tulimalize ndani.

Je, nimtafute mwanafunzi aliyeandika? Nimuulize mwenzangu ana kwa ana? Wazazi niwaambie nini? Na vipindi vyenyewe niviendeleze au niviache?

Mwalimu wa Malezi, Tanga

*

Marahaba, mwalimu.

Umeyaeleza mambo kwa mpangilio yalivyotokea, ukaiweka karatasi mwisho. Mimi nitaanza nayo, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri juma moja au mawili, na hili haliwezi kusubiri hata siku moja. Mtoto aliyeandika maneno yale hakuwa akikuuliza swali la darasani. Alikuwa akitoa taarifa kwa njia pekee aliyoiona kuwa salama, na ni wajibu wako kuipokea kama taarifa.

Mkuu wako wa shule anasema hakuna ushahidi. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kulifikisha jambo hilo kwa mamlaka ya serikali ya mitaa ya eneo lake. Yasome vizuri maneno hayo, "ushahidi au taarifa": taarifa unayo mkononi, na kazi ya kuipima na kuichunguza ni ya watu wengine waliosomea kazi hiyo. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, au katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu. Na kama unataka kwanza kuzungumza na mtu atakayekuelekeza, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo, na watu wazima wenye wasiwasi juu ya mtoto nao huitumia. Mwandikie pia mkuu wa shule barua fupi yenye tarehe, ukieleza ulikuta nini, lini na wapi, ukinakili maneno ya karatasi kama yalivyo, na ubaki na nakala yako. Jina la mwalimu unayemshuku usiliweke katika barua inayopita mezani kwa karani na kusomwa na kila anayeingia ofisini. Mweleze afisa ustawi wa jamii kwa mdomo, ukisema wazi kwamba ni shaka na kwa nini unayo, kwa sababu huenda unakosea, na mtu asiye na hatia naye ana haki yake.

Usimwulize mwenzako. Najua utaona kwamba kumficha ni kukosa adabu kwa mtu aliyekusaidia, lakini fikiria kitakachotokea ikiwa shaka yako ni ya kweli. Mtu aliyeonywa kimyakimya hupata muda wa kumtisha mtoto, na muda wa kwenda kwa wazazi wake na fedha, na wengi wetu tumeshuhudia mashauri yaliyokufa katika vikao vya "kumaliza kifamilia" kabla hayajafika mahakamani. Hilo ndilo tatizo la njia aliyoipendekeza mkuu wako, hata kama nia yake ni njema. Wala usimtafute mtoto kwa kulinganisha miandiko, na usitangaze mstarini kwamba aliyeandika ajitokeze, maana akigundua kwamba karatasi yake isiyo na jina ilimfanya atafutwe, hataandika tena, na wenzake wote watakuwa wamejifunza somo hilo pamoja naye.

Lipo jambo moja ambalo mkuu wa shule anaweza kulifanya kesho asubuhi bila ushahidi wa aina yoyote na bila kumnyooshea mtu kidole. Atoe agizo la maandishi kwa walimu wote kwamba hakuna mwanafunzi atakayetumwa nyumbani kwa mwalimu kwa sababu yoyote ile, iwe kupeleka madaftari, kuchota maji, kufua au kufagia uwanja, na kwamba daftari zikusanywe na kusahihishiwa ofisini. Mwalimu asiye na jambo la kuficha hatapoteza chochote isipokuwa mchotaji wa maji. Mwombe agizo hilo kabla ya kumwomba kitu kingine chochote, na kama atasita, litaje ndani ya barua yako.

Ikitokea mtoto akajitokeza mwenyewe, msikilize mpaka amalize, usimwulize kwa nini alikwenda, na usimwahidi kwamba itabaki siri kati yenu wawili. Mwambie ukweli kwamba utawashirikisha wale tu wanaoweza kumlinda, na uwataje. Kama ameingiliwa, apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Nguo alizovaa zisifuliwe. Fomu ya polisi namba tatu, yaani PF3, inahitajika kwa ajili ya shauri, lakini mtoto asikae benchi akiisubiri huku saa zinakwenda. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Uliza mapema kama kipo karibu nanyi, usisubiri siku ya dharura ndipo uanze kuuliza.

Kuhusu uzito wa jambo lenyewe, sheria haina kigugumizi. Tangu marekebisho ya mwaka 1998, Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni ubakaji mwanaume kufanya tendo la ndoa na msichana wa chini ya miaka 18 hata kama msichana anadaiwa kuridhia, na kifungo chake cha kawaida hakipungui miaka 30. Mwenye mamlaka anayetumia cheo chake kudai ngono kama sharti la kumpa mtu haki yake, na alama za mtihani zimo, anagusa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kwa walimu walioajiriwa na serikali, Tume ya Utumishi wa Walimu nayo ina mamlaka yake ya nidhamu. Nakutajia haya ili mkuu wako akisema tena "tulimalize ndani", ujue ni jambo la ukubwa gani linalotaka kumalizwa ndani.

Sasa nije kwa msichana aliyepigwa kofi.

Alipigwa mara mbili. Mara ya kwanza na mvulana, kwa sababu alikataa kukaguliwa; mara ya pili na shule, kwa sababu alipigwa. Kwa watoto waliokuwa mstarini asubuhi ile, maana ilikuwa nyepesi kabisa kuielewa: ukifanyiwa ukatili na mtu uliyekuwa na uhusiano naye, nyamaza, maana ukijulikana mtaadhibiwa pamoja. Ndiyo sababu sanduku lilikuwa tupu Ijumaa ile, na nakuambia kwamba aliyeandika karatasi ya juma lililopita ana ujasiri usio wa kawaida. Shule ina haki ya kuwa na kanuni kuhusu mapenzi kati ya wanafunzi. Lakini siku mtoto anapopigwa, kinachoshughulikiwa kwanza ni kipigo. Mwite msichana yule pamoja na mwalimu wa kike anayemwamini, umwambie kwamba hakustahili kofi lile wala viboko vile, na muulize anajisikia salama wapi na wapi hajisikii. Usiwapatanishe. Tuna desturi ya kuwakalisha wawili kila mmoja amwombe mwenzake msamaha, na ni desturi nzuri kwa ndugu waliogombania urithi, lakini hapa itamfanya aliyepigwa aombe radhi kwa kupigwa. Mvulana aitwe na wazazi wake, aelezwe kosa lake kwa jina lake, awekewe masharti ya kutomkaribia msichana huyo na kutomtumia ujumbe, na apewe mtu mzima wa kuzungumza naye mara kwa mara. Kijana wa kidato cha nne anayeamini kwamba mpenzi ni mali ya kukaguliwa hakulitoa wazo hilo hewani, na viboko havikumwambia lilikotoka wala namna ya kuliacha.

Swali la mwanafunzi wako kuhusu viboko linahitaji jibu, na darasa halijasahau kwamba ulibadilisha mada. Kanuni zetu bado zinaruhusu adhabu hiyo, lakini kwa mipaka: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe katika daftari la adhabu. Je, vile vya mstarini viliandikwa? Maoni yangu, ambayo najua walimu wengi hawatayapenda, ni kwamba hakuna namna ya kumshawishi mtoto kwamba kumpiga anayekukatalia ni ukatili wakati yeye mwenyewe anapigwa kwa sababu hiyo na watu wale wale wanaomfundisha. Si maoni matupu. Katika wilaya ya Luwero nchini Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki utafiti ambao nusu yake zilitekeleza mpango wa kubadilisha mwenendo wa shule nzima, yaani uongozi, walimu na wanafunzi pamoja, badala ya kuongeza kipindi kimoja kwenye ratiba. Baada ya mwaka mmoja na nusu, wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule katika juma lililopita walikuwa asilimia 31 katika shule zilizokuwa kwenye mpango, na takribani asilimia 49 katika shule ambazo hazikuwa. Asilimia 31 bado ni watoto wengi mno, lakini tofauti hiyo haikuletwa na hotuba za Ijumaa. Wewe huna mamlaka ya kufuta fimbo shuleni kwenu. Una mamlaka ya kutoishika wewe mwenyewe, na ya kumwambia mwanafunzi yule mbele ya darasa kwamba aliuliza swali la haki na kwamba hata watu wazima wanabishana juu yake.

Mfano mwingine unatoka mbali zaidi, ila utakusaidia. Jijini New York, watafiti walilinganisha shule 30 zenye wanafunzi wa darasa la sita na la saba. Baadhi zilipata masomo ya darasani peke yake, baadhi zilipata hatua za kubadilisha mazingira ya shule peke yake, nyingine zilipata vyote viwili. Masomo peke yake hayakupunguza unyanyasaji. Hatua za mazingira zilipunguza, zikiwa peke yake au zikiwa pamoja na masomo, na mojawapo ilikuwa rahisi kiasi kwamba unaweza kuifanya Ijumaa ijayo kwa karatasi na penseli za rangi: wanafunzi walipewa ramani ya shule yao, wakaonyesha kwa rangi sehemu wanazojisikia salama na sehemu wanazoziogopa, na walimu wakapangwa kusimama katika sehemu hizo za hofu. Wape wanafunzi wako ramani hiyo, bila majina, na uipanue ifike nje ya geti: njia ya kwenda stendi, kijiwe cha bodaboda, vyumba vya kupanga, kisima. Nina hakika nyuma ya vyoo patakuwa pekundu, lakini patakuwa na mahali pengine ambapo hakuna mwalimu aliyewahi kupafikiria. Kisha ramani hiyo ndiyo umpelekee mkuu wa shule, upange naye zamu za walimu na muda wa watoto kuondoka kwa makundi.

Vipindi vyenyewe usiviache, ila Ijumaa hii usiingie na mada mpya. Waeleze kwanza nini hutokea mtoto anapotoa taarifa: nani ataisoma, nani ataambiwa, na wanaweza kumwendea nani kama hawataki kukuendea wewe. Iandike namba 116 ubaoni na uiache. Kipindi kinachowafundisha watoto kusema wakati hakuna aliyejiandaa kusikia kinawaweka katika hatari kubwa zaidi kuliko kimya chao, na hilo ndilo ningependa ulielewe kuliko yote niliyokuandikia. Mkishalipanga hilo, rudi kwenye yale maswali matatu uliyonitajia, maana wanafunzi wako wamekuandikia mtaala mzuri kuliko ambao mimi ningeuandika. Nywila ya simu, na kwa nini anayekupenda hahitaji kukuchunguza. Chipsi, bando na lifti, na kwa nini zawadi yenye deni ndani yake inarudishwa mapema au haipokelewi, lakini pia kwamba aliyeipokea hajauza chochote na bado ana haki ya kukataa. Mvulana anayeumia: hapo usipite haraka. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja hivi kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Katika darasa lenye wavulana 30 hesabu yake unaijua.

Wafanyishe mazoezi ya kukataa kwa maneno ya kwetu. Mtoto wa Tanga amelelewa kuamkia na kuitikia, na kumwambia mkubwa "sitaki" kunamwia vigumu kuliko kutembea saa mbili kwa miguu, hivyo mpe maneno ambayo hayamvunjii mtu heshima lakini hayafungui mjadala: "Shikamoo, kaka. Nyumbani hawaniruhusu kupanda. Natembea na wenzangu." Wengine wacheze nafasi ya wale waliocheka nyuma ya vyoo, wajaribu la kufanya badala ya kucheka: kumwita mwenzao kwa kisingizio chochote, kumsindikiza, kumkimbilia mwalimu wa zamu. Mazungumzo ya picha za utupu yatakuja, hata usipoyaanzisha. Wajue kwamba kusambaza picha ya namna hiyo ya mtoto ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wewe mwalimu usikubali kamwe kurushiwa picha hiyo kwenye simu yako kwa jina la ushahidi. Simu iliyo nayo ifike polisi.

Kuhusu wazazi, mzee aliyesimama kikaoni usimhesabu kuwa mpinzani. Ana hofu ya kweli, na ana hoja mbili zilizo sahihi. Ni kweli kazi hii ina wenyewe, basi wafuate: mwendee nyumbani kwake kwa heshima, mwonyeshe maswali ya watoto yaliyoandikwa upya ili miandiko isijulikane, umwombe akutajie bibi mmoja na mzee mmoja wanaoaminika kijijini waje kuketi katika kipindi na kusema yao. Atakapoona kwamba watoto wanauliza juu ya kupigwa na kutishwa, sidhani kama atarudia kwamba unafundisha mapenzi. Kikaoni anza na urafiki, na kuheshimiana kwa dada na kaka, na mwenzako wa dawati, kwa sababu huko ndiko mtoto anakojifunzia kusikiliza neno "hapana" kabla hajafikia umri wa kupenda, na hakuna mzazi anayepinga hayo. Ila jambo moja usilipunguze makali ili upate makofi: wazazi waliompangishia binti wa miaka kumi na minne chumba mtaani waambiwe waziwazi kwamba ulinzi wa chumba kile ni juu yao. Waangalie kama wanaweza kuwaweka mabinti watatu au wanne katika nyumba ya familia moja inayofahamika, na mmoja wa wazazi alale nao kwa zamu.

Hoja yake ya pili, kwamba wewe ni kijana na uko peke yako, ichukue pia. Mwombe mkuu wa shule ateue mwalimu mwingine wa kike wa kushika nafasi hiyo mpaka mwenzako arudi kutoka likizo, maana wapo wasichana ambao hawatazungumza na mwanaume hata awe mwema kiasi gani. Mwanafunzi akikujia peke yake, mketi mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki, na usizungumze naye kwa simu usiku. Masharti hayo yawe sawa na yale unayotaka walimu wenzako wawekewe.

Barua kwa mkuu wa shule iandike leo, na kesho nenda halmashauri hata kama hajakujibu.

Mama Mshauri